Kufuga na Kufunga: Wanyama wa Mwitu Mikononi mwa Wanadamu Kando ya Ziwa Viktoria

Katika lugha yetu ya Kiswahili kuna vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa herufi moja tu, lakini maana zake ziko mbali kama mbingu na ardhi. Kitenzi cha kwanza ni kufuga. Cha pili ni kufunga. Afugaye humlisha mnyama, humlinda, humzalisha, na mwisho hukaa naye kwa mazoea. Afungaye hutia kamba au hujenga tundu, kisha hutegemea nguvu ya kamba na tundu. Wahenga waliijua tofauti hiyo, nao wakatuachia methali isemayo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii hutumiwa sana kwa mtu aliyehamia mahali, ambaye hana budi kuonekana kwa ugeni wake. Lakini tukiirudisha kwenye asili yake, tutaona kwamba imebeba elimu ya ufugaji. Kuku aliyenunuliwa leo hufungwa kamba ili asipotee. Baada ya siku chache, akishaujua mlango wa banda na mkono umwagao mtama, kamba hufunguliwa, na jioni kuku hurudi mwenyewe. Kamba ile ilikuwa ya muda. Basi kipimo cha kufuga ni kufungua: mnyama aliyefugwa kweli hufunguliwa akabaki, mnyama aliyefungwa tu, siku kamba ikatikapo, ama hukimbia, ama hudhuru, ama hufa.

Insha hii yakusudia kukitumia kipimo hicho katika kuitazama historia ya wanadamu na wanyama wa mwitu katika sehemu moja ya nchi yetu, yaani Mwanza na ufuko wa Ziwa Viktoria, pamoja na sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki zilizohusiana na mambo hayo. Twauanza mwendo wetu Kiseke, katika Wilaya ya Ilemela, mahali ambapo nyumba za mji zimepanda hadi kwenye majabali. Mtoto wa Kiseke aendapo shule hupita kati ya mawe makubwa yaliyokaliwa na pimbi na mijusi ya rangi nyekundu na buluu. Hawahitaji kutafutwa porini. Kwa hiyo swali la kufuga mnyama wa mwitu, ambalo kwa mtoto wa mji mwingine laweza kuwa la vitabuni, kwake ni swali la kila siku: je, kiumbe huyu mzuri aliye juu ya jiwe, nikimchukua nikampeleka nyumbani, atakuwa wangu?

Hatuna budi kwanza kukumbuka kwamba Wasukuma ni wafugaji mashuhuri. Ng'ombe kwao ni mali, ni mahari, ni heshima ya mji na akiba ya mwaka wa njaa. Mtoto wa miaka michache aweza kuliongoza kundi la ng'ombe, nalo likamtii. Lakini utii ule haukupatikana kwa siku moja wala kwa ustadi wa mtoto yule. Ng'ombe ni mnyama ambaye wanadamu wamekaa naye maelfu ya miaka, wakichagua wapole wa kuzalisha na kuwachinja wakali, kizazi baada ya kizazi, hata upole ukaingia katika damu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mbuzi, kondoo, punda na mbwa. Hata kanga, ndege wa Afrika hii hii, alifugwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo aliyefugwa si mnyama mmoja mmoja. Ni ukoo mzima wa wanyama. Mtu amchukuaye mtoto wa chui akamnywesha maziwa hakumfuga chui. Amemlea chui mmoja tu, na damu ya chui huyo ni ile ile ya mababu zake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mfano wa punda milia wafaa kutajwa hapa. Wakati wa utawala wa Wajerumani, wakoloni wale waliona taabu kubwa kutumia farasi, kwa kuwa farasi waliuawa na ugonjwa uletwao na mbung'o. Punda milia, ambao waliishi katika nchi hiyo hiyo bila ya kudhurika hivyo, waliwatia tamaa. Walijaribu kuwakamata, kuwafunza kuvuta magari, na kuwazalisha pamoja na farasi na punda. Baadhi ya wanyama walikubali hatamu kwa muda, lakini jambo lenyewe halikufaulu kuwa kazi ya kudumu. Punda milia huuma asiachie, hupiga teke kwa hofu, na huchoka upesi. Ana umbo la punda, lakini hana historia ya punda. Nguvu ya dola nzima, pamoja na fedha na elimu yake, haikuweza kufanya katika miaka michache kazi iliyofanywa na wafugaji wa kale katika maelfu ya miaka.

Hata hivyo, si kweli kwamba wazee wetu wa kando ya Ziwa hawakuwashika wanyama wa mwitu. Waliwashika, na tena walio hatari kuliko wote. Miongoni mwa vyama vya ngoma na uganga vya Usukuma kuna chama cha Bayeye, yaani wastadi wa nyoka. Kila aliyehudhuria mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu amesikia habari zao, na wengi wamemwona mchezaji akiingia uwanjani na chatu shingoni huku umati ukipiga vigelegele kwa mbali. Katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, urithi wa vyama hivi umehifadhiwa pamoja na ngoma na viti vya enzi vya watemi. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1953 kitabu kizima juu ya michoro iliyochorwa na wastadi wa nyoka katika kuta za nyumba zao za mafunzo. Hilo latosha kuonyesha kwamba kushika nyoka hakukuwa mzaha wa mtu mmoja mwenye kupenda kutisha watu. Kilikuwa chuo, chenye walimu, wanafunzi, masharti na picha za kufundishia.

Tujiulize basi: Bayeye walikuwa wakifuga nyoka, au wakiwafunga? Kwa maoni yangu hawakufanya lolote kati ya hayo mawili, na hapo ndipo ilipo hekima yao. Muyeye hakudai kwamba nyoka amekuwa mwanawe au mwenzi wa nyumba yake. Alijua kwamba nyoka ni nyoka, naye alijifunza dawa kabla ya kujifunza mchezo. Kazi ya chama ilikuwa kuwatibu walioumwa na kuwaondoa nyoka waliokaribia makazi ya watu. Ngoma ilikuwa njia ya kuitangaza kazi hiyo na kushindania sifa. Vivyo hivyo chama cha Bununguli, cha wawindaji wa nungunungu, kilianzia katika haja ya kuyalinda mazao shambani kabla ya kuwa ngoma ya kupendeza uwanjani. Elimu ile haikuwa ndogo: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, jambo ambalo mkulima wa Usukuma hakuhitaji kuambiwa. Kanuni ya wazee basi ilikuwa hii: usimshike mnyama wa mwitu ila kwa haja ya watu, kwa elimu uliyofundishwa, na kwa kukiri kwamba hajawa wako.

Tukiondoka kando ya Ziwa tukashuka hadi pwani ya Bahari ya Hindi, tunakuta desturi nyingine, nayo ni ya mnyama kuwa pambo la enzi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga China, kwa Mfalme Yongle, naye akapokewa kwa shangwe, kwa kuwa Wachina walimfananisha na mnyama wa heri aliyesimuliwa katika hadithi zao za kale. Twiga yule alisafiri miezi mingi baharini ili awe neno katika mazungumzo ya wafalme. Karne nyingi baadaye, huko Unguja, jumba la Mtoni la Sayyid Said lilikuwa na uwanja ambamo paa, tausi, heroe, mbuni na kanga walitembea kati ya watu wa nyumba. Habari hizo tunazipata katika kumbukumbu za binti yake, Sayyida Salme, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Utoto wake aliukumbuka pamoja na wanyama wale, na hapana shaka uwanja ule ulipendeza macho. Lakini tusisahau kwamba jumba lile lile lilijaa watumwa. Mnyama aliyetolewa kwao na mtu aliyetolewa kwao walikaa katika ua mmoja, na wote wawili walikuwa ushahidi wa uwezo wa mwenye jumba.

Desturi hiyo ya pambo haikufa pamoja na masultani. Ilibadilisha nguo tu, ikawa biashara. Hapa yatupasa kurudi kando ya Ziwa letu, kwa sababu mmoja wa viumbe walioteseka zaidi katika biashara hiyo ni mwenyeji wetu halisi. Kusini na kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya mbuga na mibuyu inayoenea hadi Serengeti, huishi kasuku mdogo sana, mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Wataalamu humwita kwa jina la Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyefika sehemu hizi katika miaka ya 1880. Jina lake la kitaalamu lilitolewa mwaka 1887. Kasuku hawa huruka kwa makundi, huzaa katika matundu ya miti, na hawaachi kuonja mtama na mahindi ya wakulima. Nchi yao ya asili ni ndogo. Sehemu iliyo kubwa kabisa ya nchi hiyo imo katika mipaka ya Tanzania. Kwa ufupi, ni ndege wetu kama vile Ziwa lilivyo letu.

Ndege huyu aliupendeza ulimwengu kwa sababu dume na jike hukaa wakiwa wameegemeana, wakichokoana manyoya kama wachumba. Watu wa Ulaya na Marekani wakaona kwamba picha ya mapenzi yaweza kununuliwa pamoja na tundu lake. Katika miaka ya 1980 kasuku huyu alikuwa miongoni mwa ndege wa mwitu waliouzwa kwa wingi kuliko karibu wote duniani. Idadi yao porini ikapungua, hata usafirishaji wao ukasimamishwa. Marekani ilipitisha mwaka 1992 sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa mwitu, na nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, kisha katazo likafanywa la kudumu mwaka 2007. Leo kasuku wengi wa jamii hii walio katika nyumba za ng'ambo wamezaliwa tunduni, watoto wa watoto wa waliokamatwa. Huku kwao, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe lawahesabu kuwa karibu na hatari.

Wapo pia waliotoroka au kuachiliwa mahali pasipo pao. Naivasha nchini Kenya, kwa mfano, wameweka makazi, na wamechanganyika na jamaa zao wa jamii nyingine ya kasuku wadogo, ambao kwa asili hawakuwa wakikaa nao pamoja. Watoto wanaozaliwa si wa upande huu wala wa upande ule. Watazamaji huwafurahia, na ndege wenyewe hawana kosa. Lakini mtu aliyefungua mlango wa tundu kwa huruma alidhani amerudisha uhuru, kumbe amepanda mbegu asiyoijua katika shamba asilolijua. Kufungua nako kwataka elimu. Si kila mlango uliofunguliwa ni mlango wa nyumbani.

Zamu ya pili imemfikia mjusi wa majabali yetu. Jina lake la kitaalamu limetokana na Mwanza yenyewe, nalo alipewa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume lina kichwa, shingo na mabega mekundu, na mwili wa buluu. Jike ni la rangi ya udongo. Kwa miaka mingi hakuna aliyemjali, isipokuwa watoto waliomrushia mawe. Kisha watu wa nchi za mbali wakaona kwamba rangi zake zafanana na nguo za Spider-Man, shujaa wa hadithi za picha za Marekani, na mjusi akawa kitu cha kutafutwa na wapenda kufuga viumbe vya ajabu. Liko jambo moja ambalo mtoto wa Kiseke alijua kabla yao: mjusi huyu akiogopa, rangi yake hufifia ikawa ya kahawia. Mnunuzi anunuaye rangi, akamtia mjusi katika sanduku la kioo lisilo na jabali wala jua la asubuhi, aweza kujikuta amenunua hofu tu.

Watetezi wa kufuga wanyama wa mwitu husema kwamba mapenzi hushinda yote, nao hutoa mfano wa Elsa, simba jike aliyelelewa Kenya na Joy na George Adamson tangu mwaka 1956 akiwa mtoto. Mfano huo ni wa kweli na wa kugusa moyo. Lakini wasimulizi husahau nusu yake. Elsa alifunzwa kuwinda na akarudishwa porini, kwa sababu walezi wake walitambua kwamba njia nyingine ilikuwa bustani ya wanyama ng'ambo. Alikufa mwaka 1961, angali kijana. Tena, miongoni mwa simba wengine wa George Adamson alikuwamo dume aitwaye Boy, ambaye alikuwa amelelewa na kikosi cha askari wa Kiingereza na kutumiwa katika filamu. Mwaka 1971 simba huyo aliyezoea watu alimwua mfanyakazi wa Adamson, na Adamson mwenyewe akalazimika kumpiga risasi simba aliyempenda. Mwaka 1970 alikuwa ameletwa Kenya simba mwingine, Christian, ambaye vijana wawili walikuwa wamemnunua dukani London mwaka 1969. Yafaa tuyatafakari maneno hayo: simba aliuzwa dukani London, na ilipoonekana kwamba hana mahali pa kukaa, Afrika ndiyo iliyotakiwa impokee.

Katika mikasa ya namna hii, anayepata sifa ni mlezi, na anayelipa ni mwingine. Mlezi huandikwa kitabu. Mtumishi alishaye wanyama huzikwa. Tukiwafundisha wanafunzi wetu habari za Elsa, basi tuwafundishe pia habari za yule mfanyakazi.

Sasa tuvigeukie visiwa viwili vya Ziwa Viktoria vilivyo na mafunzo makubwa kwa taifa letu. Cha kwanza ni Saanane, kisiwa kidogo cha mawe kionekanacho kutoka mjini Mwanza, ambacho jina lake latokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekaa pale kabla ya Serikali kukichukua. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Makusudi yake yalikuwa mema. Taifa lilikuwa changa, na wananchi wengi hawakuwahi kumwona faru au tembo isipokuwa katika noti na stempu, maana mbuga zilitembelewa zaidi na wageni wenye magari. Saanane ilimwezesha mtoto wa mvuvi kuvuka maji kwa mashua na kuyaona kwa macho yake yale aliyoambiwa kuwa ni urithi wake. Wakati huo huo kisiwa kilikuwa kituo cha kuwapumzisha wanyama waliokuwa wakipelekwa kisiwa cha pili, Rubondo.

Baadhi ya wanyama wa Saanane walikuwa huru kisiwani. Wengine, hasa wala nyama, walikaa katika vizimba. Kila mwalimu aliyewapeleka watoto kwenye bustani ya namna hiyo anajua jinsi mtoto ambavyo huanza kwa mshangao, kisha akauliza kwa nini simba anazunguka mahali pamoja tu. Swali hilo la mtoto ni zito. Mnyama aonyeshwaye nyuma ya chuma humfundisha mtazamaji umbo la simba. Hamfundishi maisha ya simba. Ni vema kwamba historia ya Saanane haikuishia hapo. Mwaka 1991 kisiwa kilifanywa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, iliyo ndogo kuliko zote nchini. Leo mgeni huvuka kutoka mjini kwenda kutazama mawe, ndege, pimbi na swala, na mpaka wa hifadhi ni maji ya Ziwa.

Rubondo ni kisa kikubwa zaidi. Kisiwa hicho, kilicho kusini-magharibi mwa Ziwa, kilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1965 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Wavuvi waliokuwa wakiishi huko walihamishwa. Nao wasisahauliwe katika hesabu ya gharama. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alisaidiana na wakuu wa wanyamapori wa nchi yetu kuwaachilia huko sokwe 17 waliotoka Ulaya. Sokwe hao walikuwa wamezaliwa katika misitu ya Afrika ya Magharibi, wakakamatwa wangali wadogo, wakauzwa. Na ieleweke jinsi mtoto wa sokwe apatikanavyo: mama yake hamtoi kwa hiari. Huuawa kwanza, na mara nyingi pamoja naye huuawa jamaa waliojaribu kumtetea. Kila sokwe mdogo aliyevishwa kaptura ili achekeshe watu alikuwa yatima wa namna hiyo. Baadhi ya wale 17 walikuwa wamekaa utumwani miezi michache. Wengine miaka hadi 9.

Waliachiliwa bila ya kufunzwa kwanza. Wengi walidhani watakufa kwa njaa, kwa kuwa walizoea kuletewa chakula na kulala chumbani. Mwanzoni mambo yalikuwa magumu. Baadhi yao hawakuwaogopa wanadamu, na madume mawili yaliyowashambulia watu yalipigwa risasi. Yafaa tukumbuke kwamba kosa halikuwa la madume yale. Mnyama wa mwitu asiye na mazoea ya watu huwakimbia. Aliyelelewa na watu hajui hofu hiyo, wala hana adabu ya nyumbani iliyo badala yake. Amepoteza ulinzi wa mwitu, wala hakupata tabia ya mfugo. Huyo ndiye mnyama wa hatari kuliko wote, na wanadamu ndio waliomfanya hivyo.

Lakini wengine waliishi. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wanakula matunda ya msituni na kujenga vitanda vya matawi juu ya miti kama wafanyavyo sokwe popote. Kuanzia mwaka 1968 watoto walizaliwa. Miaka ilivyopita, wajukuu wa wale waliovishwa nguo katika sarakasi walianza kuwakimbia wanadamu, na watafiti waliofika kuwachunguza walipata taabu ya kuwaona. Msomaji aweza kuuliza: kukimbiwa nako ni ushindi? Naam, ni ushindi. Siku sokwe wa Rubondo walipoanza kutuogopa, ndiyo siku deni letu kwao lilipoanza kulipwa. Kwa kipimo chetu cha kamba, hawa walifunguliwa wakaenda; nasi tukajua kwa hakika kwamba hawakuwa wamefugwa hata siku moja.

Sheria za nchi yetu zimefuata njia hiyo, ingawa kwa hatua. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru kamili, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Arusha tamko lililoahidi kwamba taifa jipya litawatunza wanyamapori kama amana ya vizazi vijavyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ilitungwa mwaka 1974. Mwaka 1979 Tanzania ikajiunga na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Sheria mpya ya mwaka 2009 imeweka wazi kwamba wanyamapori ni mali ya umma, iliyokabidhiwa kwa Rais kwa niaba ya wananchi. Hakuna mtu awezaye kumweka mnyama wa mwitu ila kwa kibali. Hata hivyo, sheria hailindi bila ya walinzi. Mwaka 2010 wanyama zaidi ya 100 wakiwa hai, wakiwamo twiga, walisafirishwa kwa ndege kutoka Kilimanjaro kwenda Qatar, jambo lililozua ghadhabu nchini. Mwaka 2016 tumbili 61 walikamatwa katika uwanja huo huo wakiwa karibu kupelekwa Albania, na mwaka huo Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai. Twiga wa Malindi alikwenda China kama zawadi kati ya wafalme. Twiga wa mwaka 2010 aliondoka usiku, kama kitu cha wizi.

Sisemi kwamba mapenzi ya mtoto kwa mnyama ni mabaya. Mtoto asiyependa kiumbe chochote ni wa kuonewa wasiwasi. Lakini mapenzi yanahitaji kufundishwa adabu. Tumbili mdogo ni mchezo wa miezi michache. Akikomaa huuma, na mate yake yaweza kuwa na kichaa. Mwenye nyumba hupata mikononi mnyama asiyeweza kumweka wala kumrudisha, maana kundi lake halitampokea. Hapo ndipo kamba hufupishwa, mnyama akafungwa chini ya mti uani, na watoto wale wale waliompenda wakaanza kumrushia mawe.

Iko njia nyingine ya kuwa na mnyama, nayo ni kumtazama mahali pake. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 hakuwa na tundu. Alikaa, akangoja, akawaona sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa kutoka vichuguuni, jambo lililowashangaza wataalamu wa dunia nzima, ingawa sokwe wengi walikwisha kukaa katika vizimba vya Ulaya miaka mingi wakitazamwa na maelfu ya watu. Elimu hiyo ilipatikana kwa subira, wala haikuhitaji kufuli. Mwalimu wa Kiseke na wanafunzi wake wanaweza kufanya vivyo hivyo bila ya fedha yoyote. Wachague jabali moja. Wahesabu mijusi, waandike saa watokapo kuota jua, waone dume lipi latawala jiwe na majike mangapi yako pamoja nalo, waandike ni lini rangi huwaka na ni lini hufifia. Mwisho wa mwaka watakuwa na daftari la elimu ambalo mwenye mjusi katika sanduku la kioo hawezi kuliandika.

Urithi wa taifa ni kitu cha kupokezana, na kitu cha kupokezana hakifungwi kwa kamba ya mtu mmoja. Ng'ombe tumeachiwa na wazee ili tuwafuge, nasi tuwafuge vizuri. Kasuku, mjusi, pimbi na sokwe tumeachiwa ili tuwe majirani zao. Jirani mwema hujua mlango wa mwenzake ulipo, hujua saa zake za kutoka na kurudi, wala haingii ndani bila ya hodi.